Nyuki Waliotuhumiwa Kunyonya Alizeti

Nilifanya kazi ya uhakimu katika mahakama za mwanzo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ushahidi niliouchukia kuliko mwingine wowote ni ule unaoanza na neno "inasemekana". Shahidi akianza hivyo nilimkatiza palepale. Nani alisema? Wewe ulikuwa wapi? Uliona nini kwa macho yako? Nilipostaafu na kurudi shambani kwangu, upande wa Ilongero, nilidhani maswali hayo nimeyaacha mezani kwa hakimu aliyenirithi. Kumbe nilikuwa nimeyachukua mwenyewe, na kijijini nikayakuta na kazi nyingi zaidi.

Asubuhi moja ya msimu huu uliopita, alizeti zikiwa zimefika kiunoni na bado hazijatoa vichwa, walikuja kwangu watu wawili: mwenyekiti wa kitongoji, na jirani yangu wa upande wa magharibi, mtu wa makamo mwenye shamba kubwa kuliko sisi sote na ulimi unaolingana na shamba lake. Waliniamkia shikamoo, nikaitikia, wakakaa kwenye benchi la ukutani.

"Mzee, tumekuja kwa jambo la nyuki," mwenyekiti alisema.

Nyuki wenyewe walikuwa wa mjane mmoja, mke wa rafiki yangu aliyefariki. Mumewe alipokwisha kuzikwa na ng'ombe wakagawanywa na ndugu, mama yule alibaki na kipande cha ardhi kisichotosha mtama wa mwaka, pamoja na mizinga ya mumewe. Nilimruhusu aitundike kwenye migunga iliyo mpakani mwa shamba langu. Asali ile ndiyo aliyokuwa akiishi kwayo. Hilo kila mtu pale benchini alilijua, na halikuhitaji shahidi.

"Mwaka jana alizeti za kitongoji kizima zilitoka mapepe," jirani alisema. "Unapeleka gunia kiwandani kukamua, limejaa, lakini jepesi kama mto wa kulalia. Nje punje, ndani hewa. Nyuki wamezinyonya mafuta."

"Ulimwona nyuki akinyonya mafuta?"

"Mzee, alizeti ina mafuta. Nyuki anakaa juu ya ua kutwa nzima. Unadhani anafanya nini pale, anasali?"

"Nimekuuliza kama ulimwona."

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu hajaja hapa leo. Mmekuja wawili."

Ikabainika kwamba mwenyekiti aliambiwa na shemeji yake anayekaa Ulemo, na jirani alisikia kwa mtu aliyekutana naye Nduguti alikokwenda kutafuta madume ya ng'ombe. Mtu yule wa Nduguti naye alikuwa ameambiwa. Nikawauliza wanataka nini hasa. Walitaka mizinga iondolewe kabla alizeti hazijachanua, na kwa kuwa migunga ni yangu, neno la mwisho lilikuwa langu. Niliwaambia nitawajibu baada ya siku chache. Jirani aliinuka akicheka, akasema mheshimiwa ameahirisha kesi.

Jioni ile mjane mwenyewe alikuja. Habari ilikuwa imemfikia kabla hata wale wawili hawajafika makwao. Hakukaa.

"Shemeji," alisema, "ukiniambia niondoe leo, nitaondoa leo. Ila usiniambie katikati ya maua. Nyuki hawahamishwi kama mbuzi. Ukiwasumbua wakiwa kazini wanaondoka wote, na mimi nabaki na masanduku."

Nilimjibu kwamba siwezi kumwahidi jambo ambalo sijaliona. Najua nilisema kwa ukali, kwa maana mke wangu alinitazama. Lakini sikuwa na jibu jingine la kweli. Mimi mwenyewe, pamoja na kusoma kwangu kote, sikujua nyuki anafanya nini juu ya ua la alizeti. Nilikuwa nimelima zao hilo miaka mingi na sikuwahi kuinama kutazama.

Hapa lazima nimweleze mtu wa nne. Mke wa mwanangu mdogo anaishi nasi. Mumewe anafanya kazi Dodoma, yeye anafundisha shule ya msingi na wakati huohuo anasoma chuo kikuu kwa masafa. Anasoma masomo ya mazingira. Aliponijulisha uchaguzi wake, au tuseme aliponijulisha kupitia kwa mke wangu, nilidhani ni elimu ya kupanda miti mbele ya ofisi mpya na kuokota mifuko ya plastiki siku viongozi wanapokuja. Niliuliza, kupitia njia ileile, kama jambo hilo linahitaji shahada. Jibu halikuja siku ile.

Nasema kupitia kwa mke wangu kwa sababu katika ukoo wetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi ana kwa ana. Hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawakai benchi moja. Vijana wa mjini wanaona ni mambo ya kale. Mimi naona ni heshima, na yeye, namshukuru, anaiona hivyo pia. Kwa hiyo yeye hukaa jikoni, mimi hukaa barazani, kati yetu kuna ukuta wa udongo, na mke wangu hukaa mlangoni akisikia pande zote mbili. Sote tunasikiana vizuri. Bado maneno hupita kwake.

Jioni ileile, usiku haujaingia bado, mke wangu akichambua mlenda pale mlangoni, sauti ilitoka jikoni.

"Mama, mwambie baba kuna namna ya kuwauliza nyuki wenyewe."

"Anasema kuna namna ya kuwauliza nyuki," mke wangu alisema bila kuinua macho.

"Nimesikia. Mwulize wataapa kwa kitabu gani."

"Anauliza upuuzi," mke wangu akamfikishia.

Mkwe alicheka kidogo, kisha akaeleza. Alizeti zikitoa vichwa, kabla havijafunguka, tuchague baadhi na kuvifunika kwa vipande vya chandarua chakavu. Upepo utapita, nyuki hatapita. Vichwa vya miche iliyo kando yake, mche kwa mche, viachwe wazi. Kama nyuki wananyonya mafuta, vilivyofunikwa vitajaa na vilivyo wazi vitakuwa mapepe. Kama nyuki wanafanya kazi nyingine, tutaona kinyume chake.

Nilikaa nikilitafakari. Lilikuwa jambo rahisi kiasi cha kuniudhi; niliona haya kwamba halikutoka upande wangu wa ukuta. Nikatafuta kasoro, kama nilivyozoea kufanya kwa wakili anayejiamini.

"Mwambie," nilisema, "chandarua chenyewe kinazuia jua na umande. Vichwa vilivyofunikwa vikitoka mapepe, nitajuaje kwamba kosa ni kukosa nyuki na si kuvaa chandarua? Amemleta mahakamani mtuhumiwa wa pili bila kumtaja."

Mke wangu akaniambia nimemnyamazisha mtoto wa watu. Lakini kesho yake, wakati nikinywa uji, sauti ikaja tena kutoka kwenye moshi.

"Mama, mwambie baba tutavivalisha vichwa vingine chandarua kilekile, lakini tutakitoboa matundu makubwa mbele ili nyuki aingie. Vitakuwa vimevaa, na nyuki watakuwa wamevifikia. Hapo ataona mtuhumiwa ni yupi."

Nilimwambia mke wangu amwambie kwamba ni sawa. Mke wangu, nadhani, aliongeza maneno yake, kwa sababu niliwasikia wote wawili wakicheka.

Nilikwenda kwa mwenyekiti na jirani nikawapa sharti langu. Mizinga itabaki hadi mavuno. Vichwa vya kufunika watachagua wao, watafunga wao kwa mikono yao, ndani ya shamba langu. Nyuki wakionekana na hatia, mizinga itaondoka siku ileile na haitarudi kwenye migunga yangu. Mjane alikuwepo nilipoyasema hayo. Alisema, "Sawa, shemeji," na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hakika. Ndipo nilipofahamu kwamba hata yeye, aliyefuga nyuki na mumewe, hakujua matokeo yatakuwaje. Alikuwa amekubali kuweka riziki yake ndani ya kipande cha chandarua.

Siku ya kufunga, jirani alikuja na wanawe, na maneno yake mbele.

"Mwaka huu alizeti za mheshimiwa hazipati malaria," alisema akifunga fundo.

"Funga vizuri," nikamwambia. "Nyuki akipita, lawama ni yako."

"Mzee, hapa hapiti hata wazo baya."

Alifunga vizuri kweli. Sina cha kumlaumu.

Kisha alizeti zikachanua, nami nikaanza kwenda shambani kila asubuhi, na kiti kidogo cha kukunja, kutazama. Sijui niseme nini juu ya majuma yale isipokuwa kwamba nilisahau kuwa mimi ni mzee. Nilikuta kwamba kile tunachokiita ua si ua moja. Ni maua madogo mengi yaliyopangwa kama watu uwanjani, na yanafunguka kwa zamu, ya pembeni kwanza, kisha yanayofuata, yakielekea katikati siku baada ya siku. Nyuki anatembea juu ya mzunguko ule uliofunguka siku hiyo. Hagusi punje zilizokwisha kufunga nyuma yake. Anaingiza kichwa kwenye kiua, anatoka na vumbi la manjano miguuni, anaingia kingine. Punje zilipoanza kuwa ngumu hakuna nyuki aliyezitazama tena. Kama alikuwa mwizi wa mafuta, alikuwa mwizi wa ajabu, anayeondoka nyumbani siku mali inapoingia.

Kila jioni nilipeleka maswali ukutani, na kila jibu lilizaa swali jingine. Kwa nini nyuki ni wengi asubuhi na wachache adhuhuri? Kwa nini upande wa migunga ni wengi, na upande uliokatwa miti kwa mkaa ni wachache? Wanakula nini miezi ambayo hakuna alizeti? Mkwe alikuwa akijibu anachojua, na pale asipojua alisema hajui. Sifa hii ya pili niliipenda kuliko ya kwanza. Aliniazima vitabu vyake, navyo vilipitia mkononi mwa mke wangu. Nilitarajia miti. Nikakuta sura ya udongo, sura ya wadudu, sura ya maji ya visima na chumvi yake, sura ya jiko na kuni za mama wa nyumbani, sura ya bei na soko, na mbele zaidi, kwa mshangao wangu, sura nzima ya sheria za ardhi na vyanzo vya maji, ambazo nyingine niliwahi kuzitumia kutoa hukumu bila kujua zililinda nini. Nilimwuliza somo lake linaishia wapi. Aliniambia, kupitia mlangoni, kwamba mwalimu wake aliulizwa hivyohivyo akajibu kwa kumwuliza mwanafunzi kikombe cha chai alichoshika kimetoka wapi, na kipindi kikaisha kabla hawajamaliza hata majani. Nilijaribu mwenyewe kwa alizeti moja. Nilipofika kwenye mkaa unaouzwa kandokando ya barabara nilisimama, maana nilikuwa bado sijagusa mvua.

Asubuhi moja, maua yakiwa katikati, nilimwona jirani akipiga dawa ya viwavi kwenye kipande cha shamba lake kinachopakana na langu. Bomba mgongoni, kitambaa usoni, jua limekwisha kupanda, na nyuki wako kazini. Kesho yake nilitembea mpakani nikakuta nyuki wamelala chini ya miche, wengine wakizungukazunguka mahali pamoja. Sikusema kitu kwa mtu. Jioni niliwaeleza wa ukutani nilichokiona, nikasisitiza kwamba nilichokiona ni vitu viwili: dawa siku moja, nyuki waliokufa siku ya pili.

"Mama, mwulize baba jirani alipiga saa ngapi."

"Saa tatu na kitu," nilisema.

Sauti ya jikoni ikaja tena: "Angepiga jioni wangekuwa wamerudi mzingani."

Nililiweka neno lile akilini pamoja na mengine yanayosubiri kuthibitishwa.

Mavuno yakafika. Tulikata vichwa, tukavianika juu ya turubai mbali mbali: vilivyofunikwa, vilivyo wazi, na vile vilivyovaa chandarua kilichotobolewa. Siku ya kupura nilimwita mwenyekiti, jirani na mjane, na wengine wakaja bila kuitwa. Jirani alipura mwenyewe kwa fimbo. Mke wangu alishika ungo.

Alianza na vilivyo wazi. Alipepeta, makapi yakaenda, punje zikabaki zikigonga ungo kwa sauti nzito. Akachukua vilivyofunikwa. Akarusha mara ya kwanza, upepo ukachukua karibu zote. Zikaruka kama majani makavu na kutua kwenye viatu vya mwenyekiti. Mwenyekiti aliokota moja, akaimenya kwa kucha, akaonyesha watu ndani. Hewa.

Nilimtazama mjane, alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

Jirani hakuwa mtu wa kushindwa mapema. "Chandarua kimezuia jua," alisema. "Hata wewe mzee tukikufunika miezi miwili utatoka pepe."

Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa ameuliza swali halali. Nikamwonyesha rundo la tatu. "Hivi vilivaa chandarua kilekile, kimetobolewa. Nani alivifunga?"

"Mimi."

"Pura."

Alipura. Mke wangu akapepeta. Punje zikabaki kwenye ungo. Jirani aliinama akachota kiganja kizima, akazibana, akazimenya moja moja kana kwamba anatafuta aliyemtapeli. Hatimaye akazirudisha.

"Haya. Nyuki hawanyonyi," alisema. "Sasa mwaka jana ilikuwa nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa tangu siku ya kwanza. Nyuma ya mke wangu mkwe alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mama, mwambie baba awaambie hatujui."

"Waambie mwenyewe," mke wangu alisema. "Mimi nina ungo."

Ukuta ulikuwa mbali, na kitongoji kizima kilikuwa kinatazama. Nilifanya lililokuwa katika uwezo wangu: nikageuza kiti changu, nikaelekeza uso kwenye majabali ya upande wa mashariki, nikawa mtu anayetazama majabali. Mkwe naye, naambiwa, alitazama upande wa mwenyekiti. Hivyo aliweza kusema na watu, na mimi nikaweza kusikia, bila yeyote kati yetu kuzungumza na mwenzake.

"Hiki kipimo kinatuambia habari za mwaka huu, shamba hili, mbegu hii," alisema. "Za mwaka jana hakizijui. Mwaka jana mvua ilikata mapema. Wengi tulipanda mbegu za kurudia, zilizotoka kwenye mavuno yetu wenyewe. Shamba lilelile tunalima alizeti kila mwaka. Na tunapiga dawa asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa juu yake. Yawezekana ni moja, yawezekana ni yote."

"Mwalimu," mwenyekiti alisema, "umesoma miaka yote hiyo uje kutuambia hujui?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Lakini sasa najua pa kutafuta. Na la dawa ni rahisi kulianza, kwa sababu halihitaji mvua. Linahitaji kubadili saa."

Jirani akauliza, taratibu, kama dawa yake ndiyo inayosemwa. Hapo nilisema nilichokiona mpakani, siku gani baada ya siku gani, na nikasema pia nisichokiona: sikuona nyuki akiguswa na dawa. Nikaongeza kwamba kipande chake kile kimetoa mapepe mengi, lakini ardhi yake pale ni ya changarawe, kwa hiyo kipande peke yake hakitoshi kumhukumu mtu. Alinisikiliza akiwa ameshika fimbo ya kupuria kwa mikono miwili.

"Umeniona muda wote huo na hukunisema?"

"Nilikuwa sijamaliza kusikiliza."

Nilitoa uamuzi nikiwa bado nimeyaelekea majabali, kwani mkwe alikuwa hajaondoka. Mizinga inabaki kwenye migunga. Migunga haikatwi. Kwa mashamba yanayopakana na langu, dawa wakati wa maua ipigwe jioni, na msimu ujao tutapima tena, safari hii na kwenye shamba la jirani. Mwenyekiti akauliza wengine kama wanaafiki. Waliafiki, wengine kwa kichwa tu.

"Na tukipata mapepe tena?" jirani alisema.

"Tutauliza tena," nikasema.

Mjane alikuwa ameanza kukusanya chandarua kutoka kwenye turubai, akikunja kipande kwa kipande. Jirani alimsogelea.

"Mama, hao nyuki wako wanarudi saa ngapi? Nijue saa ya bomba."

Alimtazama juu hadi chini, yule aliyetaka masanduku yake yaondolewe, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze nilimwona akitabasamu.

"Nikikuambia utakwenda Nduguti useme umeambiwa," alisema. "Njoo kesho jioni, ukae pale migungani, uone mwenyewe. Ila uje umejifunika, maana wewe hawakupendi."

Alikuja. Nilimwona kutoka barazani, amejifunika koti kichwani, amechuchumaa mbali kidogo na mizinga, akitazama juu.